Sura ya Sita: Nani Anakwenda, Nani Analipa, Lini Anarudi

Soma tangazo hili. Nimelitunga kwa kufuata mtindo wa mengi yanayobandikwa kwenye mbao za shule:

*Wazazi wa wanafunzi waliochaguliwa kushiriki mpango wa mabadilishano ya wanafunzi wa shule za upili wa mwaka mmoja nchini Marekani wanaarifiwa kuwa pasipoti zao zinatakiwa kuwasilishwa kabla ya tarehe 30 na kwamba gharama zote za msingi zitashughulikiwa.*

Kisarufi halina kosa. Upatanisho uko sawa na msamiati ni wa heshima. Lakini lipeleke Bodo. Bodo ni kijiji cha wavuvi katika eneo la Msambweni, Kaunti ya Kwale, mahali watu wanapopandia mashua kwenda kisiwa cha Funzi. Mzazi wa pale huenda asilisome tangazo hili kwa macho yake. Atasomewa na mtoto jioni, au atasikia ujumbe wa sauti kwenye simu ya jirani. Baada ya kusikia atabaki na maswali sita. Pasipoti za nani, za wazazi au za wanafunzi? Zipelekwe wapi? Tarehe 30 ya mwezi gani? Tarehe 30 yenyewe imo au haimo? Gharama za msingi ni zipi? Na nani atazilipa?

Mzazi akidhani pasipoti inayotakiwa ni yake, atatumia pesa na siku za kazi kwenda Mombasa kutafuta kitu asichokihitaji. Akidhani hatakiwi kulipa chochote, siku ya mwisho itamkuta mikono mitupu. Huyu ni mtu anayeombwa amkabidhi mtoto wake kwa watu asiowajua, katika nchi asiyoijua. Sentensi tunayompelekea ni lazima aielewe kwa kuisikia mara moja. Hicho ndicho kipimo cha sura hii yote: andika kwa ajili ya anayesomewa.

Shika mambo kwanza, kalamu baadaye

Sentensi nyingi zenye ukungu hutoka kwa mwandishi ambaye mambo yenyewe hajayashika. Anaandika "gharama zote za msingi" kwa sababu hajauliza ni gharama zipi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuuliza.

Chukua mpango wa Kennedy-Lugar, ambao vijana wa Kenya wanaujua zaidi kwa jina la YES. Bunge la Marekani liliuanzisha Oktoba 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ili vijana wa shule za upili kutoka nchi zenye idadi kubwa ya Waislamu waende kuishi na kusoma Marekani. Una majina ya maseneta wawili, Edward Kennedy na Richard Lugar, na Kenya imekuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka vijana. Mwanafunzi aliyechaguliwa huishi katika nyumba ya familia mwenyeji, husoma shule ya upili ya mtaa ule, kisha hurudi kwao. Serikali ya Marekani hulipia nauli ya ndege, bima ya afya na posho ndogo ya kila mwezi. Familia mwenyeji hailipwi kwa kumpokea. Na familia ya mwanafunzi haitakiwi nayo kumpokea mtoto wa Kimarekani kwa sababu mtoto wao amepokelewa kule. Hilo liandikwe waziwazi, kwa sababu mzazi akisikia "mabadilishano" ana haki ya kuuliza ni nani atakayekuja kulala kwenye kitanda kilichoachwa.

Sasa weka kando yake safari za ndege alizoziandaa mwanasiasa Tom Mboya. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege moja kwenda New York. Wangari Maathai aliwafuata mwaka 1960, akasoma chuo mjini Atchison, Kansas, kisha Pittsburgh, akarudi Kenya mwaka 1966. Wale walikwenda kutafuta shahada na wakakaa miaka. Kijana wa YES anakwenda kwa miezi ipatayo 10, hapewi shahada, na anatakiwa kurudi. Viza yake ni ya aina ya J-1, na kwa kuwa serikali ndiyo iliyogharamia, inamwekea sharti: akirudi, atimize jumla ya miaka 2 nchini mwake kabla ya kupewa ukaazi wa kudumu wa Marekani au baadhi ya viza za kazi.

Ukimwandikia mzazi "mwanao amepata ufadhili wa Marekani" ukanyamaza hapo, unamwacha achague mwenyewe kati ya habari hizi mbili, na wengi huchagua ile kubwa. Mwandikie hivi: "Mwanao atasoma shule ya upili Marekani kwa miezi 10, kisha atarudi kumaliza masomo yake hapa. Hii si safari ya chuo kikuu."

Mtaje mtendaji

Kiswahili kinaruhusu sentensi ya kutendwa isimame bila mtendaji, na maofisi yanaipenda kwa sababu hiyo. *Nauli italipwa. Matumizi yatagharamiwa. Mwanafunzi atapokelewa.* Kila moja imeficha mtu, na katika habari za pesa na watoto, mtu aliyefichwa ndiye anayetafutwa.

Dawa yake ni nyepesi. Mtoe mtendaji nyuma ya pazia umweke mbele: "Wafadhili watalipa nauli ya ndege. Mzazi atalipa nauli ya kutoka nyumbani hadi uwanja wa ndege. Mratibu wa mpango atampokea mwanafunzi akishuka." Sasa kila shilingi ina mwenyewe na kila jukumu lina jina.

Simaanishi kwamba kutendwa kufukuzwe kabisa. "Fatuma amechaguliwa" ni sentensi nzuri, maana habari ni Fatuma, na waliomchagua si hoja. Tumia kutendwa pale anayetendwa ndiye habari. Pale ambapo msomaji atauliza "na nani?", jibu liwe limeshaandikwa.

Mtendaji aliyetajwa ni kinga pia. Matapeli hustawi katika sentensi zisizo na mtu. Anayepiga simu na kusema "ada ya kushughulikia faili inatakiwa ilipwe leo" anategemea kwamba barua rasmi nayo iliandikwa kwa lugha ya namna hiyo hiyo. Mzazi aliyesoma kwamba wafadhili hawatozi ada yoyote atakata simu.

Ngeli zinapokusaidia na zinapokutupa

Ngeli ni neema ya lugha yetu. Ukiandika "cheti cha mwanafunzi kilichopotea", *ki* inatuambia papo hapo kwamba kilichopotea ni cheti, na mwanafunzi yupo salama. Lugha nyingi za mbali hazina msaada wa wazi namna hii.

Lakini neema hii ina mpaka. Nomino mbili za ngeli moja zikikaa karibu, kiambishi hakiwezi tena kuzitenganisha. Angalia:

*Mzazi wa mwanafunzi anayesafiri alete picha zake.*

Nani anasafiri? Picha za nani? Mzazi na mwanafunzi wote ni *a-*, na *-ake* ni ya yeyote. Vitu navyo vina shida hiyo: "barua ya pasipoti iliyopotea" haisemi ni barua au ni pasipoti iliyopotea, kwa sababu zote ziko ngeli moja.

Chukua na hii, ambayo husikika kila msimu wa maombi: *Mwalimu alimwambia Juma kwamba ameitwa ubalozini.* Aliyeitwa ni mwalimu au ni Juma? Anayemjua Juma atakisia. Juma mwenyewe atakosa usingizi.

Kanuni ni hii: watu wawili wakikutana katika sentensi moja, usiogope kurudia jina. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia ni ufukara wa lugha. Katika hadithi huenda ikawa hivyo, lakini katika maelekezo kurudia ni adabu. "Mwanafunzi alete picha 2 za mwanafunzi. Picha za mzazi hazihitajiki." Haina madaha, na hakuna atakayekosea.

Angalia pia *wote* na ukanushi. "Wanafunzi wote hawatapewa viza" inaweza kumaanisha hakuna hata mmoja atakayepewa, au kwamba baadhi watakosa. Mzazi mwenye hofu ataipokea kwa maana mbaya zaidi. Kama baadhi ndio watakaokosa, sema: "Si wanafunzi wote watakaopewa viza."

Kata mnyororo wa *wa*

Rudi kwenye tangazo la mwanzo: *mpango wa mabadilishano ya wanafunzi wa shule za upili wa mwaka mmoja*. Ukifika kwenye *wa* ya mwisho, umeshasahau inamshika nani. Je, mpango ni wa mwaka mmoja, au ni wanafunzi waliosoma mwaka mmoja? Jicho linaweza kurudi nyuma kutafuta, sikio haliwezi.

Viunganishi hivi viwili vikifuatana, sentensi inabebeka. Vikifika vitatu, simama uivunje. Toa jambo moja ulipe kitenzi chake: "Mpango huu ni kwa wanafunzi wa shule za upili. Unachukua mwaka mmoja wa masomo." Kitenzi hubeba mzigo vizuri kuliko msururu wa nomino, maana kitenzi cha Kiswahili kinakuja na mtendaji, wakati na mtendwa ndani yake. *Watampokea* ni neno moja, nalo limesema nani anapokea, lini, na nani anapokelewa.

Mwaka gani, usiku gani

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa hiyo tukae kidogo.

"Mwaka mmoja wa masomo" haumaanishi kitu kimoja Msambweni na Marekani. Mwaka wa shule wa Kenya huanza Januari na una mihula mitatu. Wa Marekani huanza Agosti au Septemba na kuisha Mei au Juni. Mwanafunzi akiondoka Agosti, atakosa muhula wa tatu wa mwaka huo na sehemu kubwa ya mihula miwili ya mwaka unaofuata. Akirudi ataingia darasa gani? Swali hili lina uzito zaidi sasa, kwa kuwa Gredi ya 10 ilianza Januari 2026 na KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 imepangwa kufanywa 2027. Barua isiyotaja darasa atakaloingia akirudi imeacha nusu ya habari. Andika mwezi na mwaka wa kuondoka, mwezi na mwaka wa kurudi, na darasa atakaloingia akirudi.

Kisha saa. Tiketi ya ndege huandikwa 21:00. Mtoto aliyezoea saa za Kiingereza husema "tisa", na mama anaposikia tisa anafikiria saa 9 alasiri au saa 9 usiku wa manane. Andika "saa 3 usiku (21:00)", maneno na tarakimu pamoja, kila mara, hata kama unaona unajirudia.

Na siku je? Kwa wazee wengi wa pwani, siku huanza jua linapotua. Kwao "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoanza Alhamisi baada ya Magharibi. Kwa kijana na kwa shirika la ndege, ni Ijumaa yenyewe ikishachwa. Wote wawili wanasema Kiswahili fasaha, na wamepishana kwa saa 24. Familia inayotoka Bodo inahitaji kufika barabara kuu, ishike njia ya Likoni, ivuke feri au izunguke Dongo Kundu, ndipo ifike uwanja wa ndege wa Moi. Kosa la siku moja halifidiki. Sentensi salama ni hii: "Ndege itaondoka Alhamisi tarehe 12 Agosti 2027, saa 3 usiku (21:00). Uwe uwanjani Alhamisi hiyo hiyo kabla ya saa 12 jioni (18:00)."

Hata simu za nyumbani zinataka uangalifu huo. "Atapiga saa 2 usiku" ni usiku wa nani? Saa 2 usiku ya Bodo ni saa 7 mchana New York wakati wa kiangazi chao, na saa 6 mchana wakati wa baridi, kwa sababu wao hubadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka. Andika "saa 2 usiku za Kenya" na umemaliza.

Anaporudi na kusimulia

Watu wa pwani wana desturi ya muda mrefu ya kuandika habari za ng'ambo. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha mjini Göttingen kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, na ndani yake imo safari ya Salim bin Abakari ya Urusi na Siberia, aliyoifanya mwaka 1896. Kijana anayerudi leo kutoka Ohio au Oregon, akaombwa azungumze shuleni au aandike makala, anaingia katika kazi hiyo hiyo ya kuwaonyesha waliobaki mambo ambayo hawakuyaona.

Kosa la kawaida la masimulizi haya limo katika kiambishi kimoja, *hu-*. Kijana anaandika: *Wamarekani hula chakula cha jioni saa 11. Wamarekani hawatembeleani.* Kiambishi *hu-*, pamoja na ukanushi wake, hugeuza jambo kuwa desturi ya watu wote, siku zote. Lakini aliishi nyumba moja, mtaa mmoja, miezi 10. Alichokiona ni kweli, ila alichokiandika ni kikubwa kuliko alichokiona.

Arudishe sentensi kwenye ukubwa wake: "Katika nyumba niliyoishi, tulikuwa tukila chakula cha jioni saa 11. Majirani wetu walikuwa wakipungiana mikono, lakini katika miezi yote ile niliona mgeni mlangoni mara chache." Sasa tunajua nani aliona, wapi, na kwa muda gani. Tunaweza kumwamini. Nasi tungetaka mgeni aliyekaa Diani atutendee hivyo hivyo, asirudi kwao kuandika kwamba Wakenya wote wanaishi ufuoni.

Unapomwandikia mwenyeji

Mwombaji hutakiwa kujieleza kwa familia itakayompokea. Barua hiyo itaandikwa kwa Kiingereza, lakini naomba ifikiriwe kwanza kwa Kiswahili, maana wazo lisilotulia katika lugha ya nyumbani halitatulia katika ya ugenini.

Waombaji wengi huanza hivi: *Maisha ya kijijini kwetu hutegemea sana mazingira ya bahari.* Ni kweli, na hakuna kinachoonekana. Kijana yeyote wa Kwale, Kilifi au Lamu angeweza kuiandika. Linganisha na hii, ambayo kijana wa Bodo pekee, au jirani yake, angeipata:

*Baba yangu ni mvuvi, na kazi yake hufuata maji. Maji yakijaa alfajiri, tunaamka na yeye ameshatoka. Siku za bamvua bahari hurudi mbali, na mikoko hubaki imesimama kwenye tope. Kwa hiyo nyumbani kwetu hatuulizi saa ngapi, tunaulizana maji yakoje.*

Kila sentensi ina jambo moja. Kila jambo linaonekana. Mwandishi hakusema "nina nidhamu" wala "nimezoea mabadiliko", na familia ya ng'ambo itayaona yote mawili. Kitu kimoja tu kinahitaji msaada: msomaji wa bara hajui bamvua. Pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Sentensi fupi inayosema hivyo, ikiwekwa mara baada ya neno, inatosha.

Jaribio la sikio

Ukimaliza kuandika, usijisomee mwenyewe. Wewe unajua ulichokusudia, kwa hiyo utakisikia hata kama hakipo. Mtafute mtu ambaye hana karatasi mkononi: mama anayechambua mchicha, mzee anayesubiri swala, dereva wa bodaboda asiye na abiria. Msomee mara moja, kwa mwendo wa kawaida. Kisha mwulize maswali manne: Nani anakwenda? Nani analipa nini? Lini anaondoka na lini anarudi? Nikiwa na shida, nimwone nani? Akikosa hata moja, usimlaumu na usimfafanulie kwa mdomo. Rudi kwenye karatasi, kwa sababu hutakuwapo kila barua itakaposomwa.

Tangazo la mwanzo, likipitishwa katika jaribio hili, linaweza kutoka hivi:

*Mzazi mpendwa,*

*Mtoto wako amechaguliwa kwenda kusoma shule ya upili Marekani kwa miezi 10. Ataondoka Agosti 2027 na kurudi Juni 2028. Akirudi ataingia darasa la [andika darasa]. Hii si safari ya chuo kikuu.*

*Mtoto anahitaji pasipoti. Wewe hutahitaji, kwa sababu hutasafiri. Lete pasipoti ya mtoto shuleni, kwa mwalimu mkuu. Siku ya mwisho ni Ijumaa tarehe 30 Aprili 2027, saa 10 jioni (16:00).*

*Wafadhili watalipa nauli ya ndege, bima ya afya na posho ya kila mwezi. Wewe utalipia pasipoti, nauli ya kwenda kuishughulikia Mombasa, na nauli ya kutoka nyumbani hadi uwanja wa ndege.*

*Mtu yeyote akikudai pesa nyingine, usimpe. Mpigie mwalimu mkuu kwanza.*

Limekuwa refu kuliko la kwanza, na hilo ni sawa. Ufupi ni mzuri pale usipomnyima msomaji jibu.

Kabla ya kwenda sura ya saba, fanya kazi moja. Chukua barua, fomu au tangazo lolote la safari ya wanafunzi lililo karibu nawe, hata kama ni la kwenda Mombasa kwa siku moja. Pigia mstari kila kitenzi kisicho na mtendaji, kila *-ake* isiyo na mwenyewe, na kila tarehe isiyo na mwezi. Liandike upya, kisha umsomee mzazi mmoja. Na kama wewe ndiwe mwalimu au afisa unayetia sahihi barua hizi, nakuomba usitie sahihi barua yoyote ambayo haijasomewa mzazi hata mmoja. Mzazi anayetoa mtoto wake anastahili kujua, kwa kusikia mara moja, nani anakwenda, nani analipa, na lini anarudi.